Siku Shuka Alipopewa Kipaza Sauti

Habari ilifika kijiweni kabla ya kahawa kuchemka. Aliyeileta ni Redio, kinyozi wa kibanda cha pili, na aliileta mbio, kitambaa cha kunyolea kikiwa begani na mteja kamwacha kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu inangoja zamu.

"Jamani eeh! Zima Taa kazimika!"

"Kazimika vipi? Kastaafu tena?" Rivasi, dereva wa teksi, hakuinua hata macho kutoka kwenye gazeti lake la juzi.

"Kafa, bwana! Kafa kama watu wanavyokufa. Alfajiri ya leo. Tangazo limebandikwa langoni, lina mhuri."

Mama Mvuke, mwenye kahawa yake, akaweka birika chini. "Masikini!" akasema, kisha akakumbuka aliyekufa ni nani, akakunja uso. "Mhuri kweli umeuona?"

"Wa bluu."

"Basi kafa."

"Bila mhuri nisingekubali," Rivasi akasema, sasa gazeti kaliweka pajani. "Mtu yule kaagwa mara tatu na mara tatu karudi."

Wa nne pale benchini ni Shuka, mzee wa miaka sabini na tatu, aliyekuwa mkuu wa dobi ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na jina lake kalipatia huko. Kikombe chake kilikuwa kimeshafika mdomoni. Akakirudisha chini bila kunywa, akawa anautazama ukuta wa hospitali ng'ambo ya barabara kana kwamba ndio kwanza unajengwa.

Zima Taa lilikuwa jina la kijiweni. Ndani ya lango aliitwa Daktari Mkurugenzi, na aliitwa hivyo miaka thelathini na mitatu. Lile la Zima Taa alilipata kwa kupita kila korido mchana akizima taa zilizosahauliwa, akinung'unika peke yake, hata watu wakasema siku atakayoliona jua limewaka bila sababu atalitafutia swichi.

"Mara ya kwanza kustaafu," Redio akaanza, kasahau kabisa kichwa cha watu alichokiacha kibandani, "wakamwandalia keki na saa ya ukutani. Watu wakalia. Jumatatu, saa moja kasoro, mtu yuko langoni anakagua kucha za wauguzi!"

"Mara ya pili wakampa saa kubwa zaidi," akadakia Mama Mvuke.

"Ya tatu ilikuwa inalia kila nusu saa. Walimpa saa ili ajue muda umekwisha. Yeye akazitumia kuwahi kazini!"

Wakacheka. Shuka naye akatoa meno, akachelewa kidogo.

"Na uenyekiti je?" Rivasi akauliza. "Kamati ya maji, mwenyekiti nani? Yeye. Kamati ya shule? Yeye. Timu ya mpira, mtu hajui hata mpira una pembe ngapi, mwenyekiti yeye. Kamati ya mazishi ya mtaa, yeye!"

"Ehee! Sasa kwenye mazishi yake nani ataongoza kikao?"

"Kitaahirishwa. Mwenyekiti kahudhuria lakini hawezi kuzungumza."

"Yallah, mna dhambi nyie," Mama Mvuke akasema, huku mabega yakimtikisika. "Marehemu hasemwi vibaya."

"Nani kamsema vibaya? Tunamkumbuka! Halafu, Mama Mvuke, haki tumpe. Siku ile mheshimiwa alipokuja kutembelea wagonjwa na msafara wake, kamera huku na huku, Zima Taa si alimsimamisha pale pale kwenye karo? 'Mheshimiwa, nawa mikono.' Mheshimiwa akasema ana haraka. Akamwambia, 'Vijidudu havina chama, mheshimiwa. Nawa.' Na alinawa! Mpaka viwiko!"

"Hapo alikuwa dume," Rivasi akakubali. Kisha, kama kawaida yake, akarudi nyuma. Jina la Rivasi alilipata kwa hilo: hakuwahi kwenda mbele na hoja bila kuirudisha ilikotoka. "Lakini dume gani anamfukuza mtu kama huyu?" Akampiga Shuka begani. "Miaka ishirini na sita! Mtu kamwendea kwa adabu, kamwambia mkuu, mtambo wa kuchemshia shuka umekufa, wagonjwa watadhurika. Badala ya kushukuru, kamtimua! Mimi ndiyo maana siku gari lake lilipozimika pale kona akaniomba nimpeleke kikaoni, nilimwangalia hivi, nikapandisha kioo. Akatembea na mkoba wake jua la saa saba. Nilisema, hili la Shuka."

"Hili la Shuka," Redio akaitikia kama mtu aliye ibadani.

"Basi, basi," Shuka akasema. "Mtu ameshakufa."

"Umeona moyo huo?" Mama Mvuke akawaambia wenzake, akamjazia kikombe bila kuombwa. "Angekuwa mwingine leo angecheza ngoma barabarani."

Shuka akanywa. Kahawa ilikuwa ya moto ikamuunguza ulimi, naye akashukuru kuungua, kwa maana mtu aliyeungua ulimi hana haja ya kujibu.

Tatizo ni kwamba habari ile ya kumwendea mkurugenzi kwa adabu haikuwahi kutokea.

*

Mazishi yalipita. Siku ya tano, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja wa makamo akatoka langoni, akavuka barabara, akaja moja kwa moja mpaka benchini. Alikuwa na pua ya Zima Taa na mwendo wa Zima Taa, wa mtu anayekwenda kuzima kitu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba," Mama Mvuke akajibu kwa niaba ya nchi nzima.

"Mimi ni binti wa marehemu. Jumamosi tuna kumbukumbu ya baba kwenye ukumbi wa hospitali. Wasemaji ni wengi, wote wana vyeo." Akafungua daftari la shule lililokunjika pembe. "Lakini baba aliacha ameandika. Niwasomee alivyosema mwenyewe: 'Msiwape kipaza sauti watu waliozoea kukishika tu. Ng'ambo ya lango kuna benchi. Wale wamenisema miaka mingi kuliko bodi ilivyonisifu, na wameniona vizuri zaidi. Aseme mmoja wao. Aseme yule wa dobi, akitaka. Ana neno lake. Apewe dakika mbili, na asikatizwe.'"

Benchi zima likageuka kumtazama Shuka. Redio, kwa mara ya kwanza tangu awe Redio, hakuwa na tangazo.

"Akitaka?" Shuka akauliza.

"Ndivyo alivyoandika, mzee wangu. Akitaka."

"Atataka!" Rivasi akasimama. "Mwanangu, nenda kaandike jina. Atataka sana!"

Binti alipovuka barabara kurudi, kijiwe kililipuka.

"Hata akifa bado anamchokoza!"

"Anamchokoza au anaomba radhi? Huyo dhamira ilimsuta, ndugu yangu. Alijua alimdhulumu mzee wa watu, akaona haya kusema akiwa hai."

"Shuka, hii ni kesi na umepewa uhakimu. Mwaga yote! Mbele ya bodi, mbele ya mheshimiwa, mbele ya waliokuona umetoka na mfuko wako wa viatu. Dakika mbili! Mtu akiwa na uchungu, dakika mbili ni mwaka."

"Uanze na methali," Redio akashauri. "Methali inawanyamazisha wenye suti. 'Mficha uchi hazai.'"

"Hiyo haina uhusiano!"

"Nani atapata nafasi ya kuuliza? Dakika mbili tu!"

Siku tatu kijiwe kiligeuka ofisi ya wakili. Rivasi alitunga mwanzo. Redio alitunga mwisho, na mwisho wake ulikuwa na mikono yote miwili hewani. Mama Mvuke alisema tu kwamba mzee asitukane, maana kutakuwa na watoto, lakini akiona neno linafaa sana aliseme polepole. Walimsimamisha mbele ya benchi, birika likawa kipaza sauti, wakamfanyisha mazoezi.

"'Mimi nilimwambia mtambo umekufa.' Sema."

"Mimi nilimwambia mtambo umekufa," Shuka akasema.

"Kwa nguvu! Wewe si ulimwambia kweli?"

Shuka akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa kandambili.

*

Jumamosi mchana mkewe alikuwa anampigia pasi shati. Ndiye peke yake aliyejua, kwa kuwa mwanamke aliyelala na mtu miaka arobaini na minne hahitaji kuambiwa, husikia namna mtu anavyogeuka kitandani.

"Utasema nini?" akamuuliza, jicho kwenye kola.

"Wameniandalia."

"Sikuuliza wameandaa nini. Nimeuliza utasema nini."

Shuka akatazama dirishani. "Bibi, miaka kumi na moja. Nikisema leo, nitakaa wapi kesho? Mimi nina benchi lile tu."

Mkewe akaiweka pasi wima. "Na mimi nina kitanda kile tu. Kumi na moja nalala na watu watatu: mimi, wewe, na mafungu yale ya shuka. Ama uyatoe, ama mimi nihamie kwa mwanangu." Akamrushia shati, bado lina joto. "Vaa. Na usifunge kifungo cha juu, utashindwa kupumua."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Waliovaa suti walikaa mbele, wauguzi nyuma yao na sare zao, kisha watu wa mtaa, wake kwa waume, wengi wakiwa wamezaliwa au wamezalia humo humo hospitalini. Picha ya Zima Taa iliwekwa juu ya meza, akitazama watu kama anayehesabu taa.

Akasimama mwenyekiti wa bodi. Akasema marehemu ameacha pengo lisilozibika. Akasimama mwakilishi wa wizara, akasema marehemu ameacha pengo lisilozibika. Wakafuata wengine wanne, kila mmoja na pengo lake. Akasimama mheshimiwa mwenyewe, yule wa karo. Akasimulia alivyoshirikiana na marehemu kuhimiza watu kunawa mikono, wauguzi wote wakatazamana, naye akamalizia kwa kusema ameacha pengo ambalo kwa hakika halizibiki.

"Saba," Redio akanong'ona, vidole hewani. "Kwa mapengo yote haya, marehemu alikuwa meno."

"Nyamaza!" Mama Mvuke akamfinya.

"Sasa," akasema mshereheshaji, akiitazama karatasi kama anayeona kosa la uchapaji, "kwa matakwa ya marehemu, atazungumza... mzee Shuka. Kutoka... benchini. Dakika mbili, mzee wetu."

Rivasi akamsukuma mgongoni. Shuka akatembea njia ya katikati, kandambili kaziacha nyumbani, viatu vya mpwa wake vinambana. Alipofika mbele, kipaza sauti kilikuwa kirefu kuliko yeye. Mtu akamshushia. Akatazama nyuma, akaliona benchi lake zima limesimama ukutani: Rivasi anamwonyesha ngumi ya kumtia moyo, Redio anamfundisha methali kwa midomo. Akaona pia binti wa marehemu, kiti cha mbele, daftari pajani.

Akajua kwamba akisema ule mwanzo wa Rivasi, ulimi utauendesha wenyewe mpaka mwisho, umeshazoea njia. Basi akaanza pengine.

"Mwaka wa kipindupindu," akasema, na sauti yake ikamrudia kutoka kwenye kuta, "wenzangu wa dobi walikimbia wote. Siwalaumu. Nilibaki peke yangu na shuka mia tatu. Mtambo ule haukutosha. Nikawasha moto uani, nikaweka mapipa. Nikasikia mtu nyuma yangu anavua koti. Ni yeye. Tulichemsha shuka siku thelathini na tisa, mimi na Daktari Mkurugenzi. Alikuwa anakoroga vibaya. Nikawa namfokea. Akawa ananiitikia, 'Sawa, mkuu.'"

Watu wakacheka, kicheko cha kupendeza, na Rivasi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake hiyo ilikuwa namna nzuri ya kumpandisha mtu juu kabla ya kumwangusha.

"Mnajua alinifukuza. Miaka kumi na moja nimewaambia watu kwamba mtambo ulikufa, nikamwambia, akanifukuza kwa kusema ukweli." Akamtazama Rivasi. "Sikumwambia."

Ngumi ya Rivasi ikabaki hewani.

"Mtambo ulikufa Alhamisi. Kulikuwa na mvua. Kuwasha mapipa uani kwenye mvua ni kazi ya siku nzima, na mpwa wangu alikuwa anaoa saa kumi. Nikazisuuza shuka za wodi ya wazazi kwa maji ya baridi. Nikazianika korido. Nikazipiga pasi vizuri sana, hata mimi mwenyewe nikazipenda. Nikaandika kwenye daftari, 'Zimechemshwa.' Nikaenda harusini, nikacheza.

"Jumapili akina mama watatu wakashikwa na homa. Mmoja alilala siku arobaini. Hakufa. Nasema hakufa kwa sababu mimi kila asubuhi nilikuwa nauliza, na najua namna swali lile linavyouma. Kama ni shuka zangu, kama si shuka zangu, hakuna aliyeweza kusema. Lakini yeye alikuja dobi. Akaniuliza, 'Hizi ulichemshia wapi?' Nikasema, 'Humo, mkuu.' Akafungua mlango wa tanuri la mtambo. Buibui alikuwa ameshatandaza kutoka huku mpaka huku."

Mshereheshaji aliitazama saa yake, kisha akakumbuka neno 'asikatizwe', akaificha mkononi.

"Hakupiga kelele. Nyote mnajua alivyokuwa anapiga kelele kwa taa. Siku ile hakupiga. Aliniambia, 'Ungekuja kuniambia umekufa, tungewasha mapipa wote wawili.' Basi. Akanipa barua. Barua haikusema nimefukuzwa, ilisema nimestaafu. Nikatoka na viatu vyangu, nikavuka barabara, nikakaa benchini. Wakaniuliza kulikoni. Mtu akiulizwa hivyo akiwa na aibu, jibu la kwanza linalokuja ndilo analolioa.

"Akapita mbele yetu kila siku, miaka yote. 'Hamjambo hapo.' Hatukuitikia. Siku moja rafiki yangu mmoja akamuuliza mbele ya watu, mzee Shuka ulimfukuzia nini? Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nikasema leo nimekwisha. Akanitazama. Akasema, 'Mambo ya kazi hubaki kazini.' Akaondoka. Sisi tukasema, umeona? Hana la kujibu."

Akashika mlingoti wa kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hilo ndilo neno langu. Alisema nina neno langu. Nimelisema."

Akageuka kwenda kwenye kiti chake, akakuta hana kiti. Binti wa marehemu akasimama, akamkalisha pake, akamshika mkono. "Nilikuwa sijui, mzee wangu," akamwambia chini chini. "Hata sisi hakutuambia."

Mshereheshaji akakikaribia kipaza sauti kama kina moto. "Tunamshukuru mzee wetu kwa... neno hilo la... busara. Sasa namkaribisha katibu wa kamati ya maji."

Katibu wa kamati ya maji akasema marehemu ameacha pengo lisilozibika. Safari hii hakuna aliyehesabu.

*

Jumatatu asubuhi Shuka alikaa nyumbani hadi mkewe alipomtoa kwa ufagio. Akafika kijiweni akiwa amechelewa, akijiandaa kukuta benchi tupu. Walikuwepo wote watatu, na nafasi yake ilikuwepo, ila Rivasi alikuwa ameiwekea gazeti.

"Hamjambo hapo," Shuka akasema.

Hawakuitikia. Mama Mvuke alipepea makaa ambayo hayakuhitaji kupepewa.

Shuka akabaki kasimama. Hatimaye Redio, ambaye kimya humuumiza kama jino, akapasuka.

"Nilimwachia kishungi!"

"Nini?" Rivasi akauliza.

"Zima Taa! Alikuja kunyoa siku ya kupokea nishani. Nikamwachia kishungi cha nywele nyuma, makusudi, kama mkia wa kondoo. Akapanda jukwaani nacho. Picha ikatoka gazetini, imepigwa kwa nyuma! Nikasema moyoni, hili la Shuka." Akampigia Shuka kelele. "Kishungi, Shuka! Kwenye nishani!"

"Mimi nilikuwa namwekea masalia ya kahawa," Mama Mvuke akasema, macho kwenye makaa. "Ile ya chini kabisa, tope tupu. Alikuwa anaagiza kila Ijumaa. Anakunywa yote. Anasema, 'Asante mama, leo ni nzito.'"

"Na mimi nikamtembeza juani mtu wa miaka sabini!" Rivasi akaruka juu. "Halafu wewe umekaa kiti cha nyuma cha gari hilo hilo, unaniona napandisha kioo, umenyamaza! Unatafuna karanga!"

"Nilinyamaza," Shuka akasema. "Ndiyo."

"Na zile karanga ulinipa!"

"Nilikupa."

"Miaka kumi na moja tumemwonea mtu kwa ajili yako!"

"Mlimwonea."

"Usiniitikie kila kitu! Nataka kugombana!" Rivasi akazunguka benchi mara moja, akarudi. Na kama ilivyo ada yake, aliporudi alikuwa amegeuza gia. "Lakini subirini. Subirini kwanza. Barua ilisema umestaafu? Homa ile je, watu waliambiwa? Bodi iliambiwa? Haikuambiwa! Sasa tuambiane: alikuficha wewe, au alijificha yeye na hospitali yake?"

Hilo liliwatuliza. Mama Mvuke akaacha kupepea.

Shuka alikuwa amelifikiria swali hilo mara nyingi, kitandani, akigeuka. "Sijui," akasema. "Nadhani vyote viwili. Na wale akina mama hakuna aliyewaeleza chochote, si yeye, si mimi. Nimetoka kwao jana. Wawili nimewapata. Mmoja kanifungia mlango."

"Na wa pili?"

"Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama harusi ilikuwa nzuri."

Rivasi akatazama chini.

"Ukamjibu nini?" Mama Mvuke akauliza polepole.

"Nikamwambia ilikuwa nzuri. Nimechoka kudanganya."

Rivasi akachukua gazeti kutoka kwenye ile nafasi. Hakumkaribisha, hakumkataza, alilikunja tu akaliweka kwapani. Shuka akakaa, pembeni pembeni, kama mgeni. Mama Mvuke akammiminia. Akakitazama kikombe: ilikuwa ya juu, safi, haina tope. Hapo ndipo alipotaka kulia, na kwa sababu hakutaka kuonekana, akazungumza.

"Nyie, mimi siku zangu zimebaki chache. Siku nikiondoka, nawaomba kitu kimoja. Msinipambe. Msiseme pengo. Semeni ukweli, basi."

"Sawa," Redio akasema. Akajitupia kitambaa begani, maana mteja alikuwa anamwita kibandani kwa mara ya tatu. Akapiga hatua mbili, akasimama, akageuka na uso wa mtu anayetaka maelekezo ya kazi.

"Lakini ukweli upi, Shuka? Ule wa miaka kumi na moja, au huu wa juzi?"